Faili la Mtoto Mahakamani: Nani Anaruhusiwa Kulisoma?

Wazazi wengi wa Kasese, Bwera na Mpondwe hutuuliza swali moja: mtoto aliyefikishwa mahakamani akiwa na miaka kumi na minne, je, jambo hilo litamfuata atakapotafuta kazi au shule? Swali hili limezidi kuwa zito siku hizi, kwa kuwa faili za mahakama zinahama kutoka kabatini kwenda kwenye kompyuta. Tunapenda kulijibu kwa utaratibu.

Tuanze na sheria. Nchini Uganda, mtoto aliye chini ya miaka 12 hawezi kushtakiwa kwa kosa la jinai. Aliyefikisha miaka 12 lakini hajatimiza 18 hushughulikiwa chini ya Sheria ya Watoto, na kwa kawaida shauri lake husikilizwa katika Mahakama ya Familia na Watoto. Mahakama hiyo haiketi hadharani. Huingia hakimu na watumishi wake, wahusika na mawakili wao, mashahidi, wazazi au walezi, afisa wa probesheni na ustawi wa jamii, na yeyote ambaye mahakama imemruhusu. Jirani aliyekuja kusikiliza tu hana nafasi humo.

Sheria hiyo inakwenda mbali zaidi. Maneno yanayotumika kwa watu wazima, ya kutiwa hatiani na kuhukumiwa adhabu, hayatumiki kwa mtoto katika mahakama hiyo. Vilevile ni marufuku kutangaza, bila idhini ya mahakama, habari au picha inayoweza kumtambulisha mtoto aliyeshtakiwa. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1985, ziitwazo Kanuni za Beijing, nazo zinaagiza kumbukumbu za watoto zitunzwe kwa siri kabisa, zisomwe na wanaohusika tu, na zisitumike dhidi yake katika shauri jingine atakapokuwa mtu mzima.

Katika baadhi ya majimbo ya Marekani, kijana hupeleka ombi mahakamani, pengine kwa njia ya kompyuta, ili kumbukumbu zake zifungwe. Kwetu usiri huanza siku ya kwanza ya shauri, bila mzazi kuandika ombi. Hata hivyo, usiri si sawa na kufutwa. Faili hubaki mahakamani, kwa mfano kwa ajili ya rufaa, lakini halipaswi kupita mikononi mwa wasiohusika.

Sasa tuje kwenye kompyuta. Tarehe 1 Machi 2022 Idara ya Mahakama ya Uganda ilizindua mfumo wa kielektroniki wa kusimamia mashauri, unaojulikana kwa kifupi kama ECCMIS, na umekuwa ukienezwa kutoka mahakama moja hadi nyingine. Kupitia mfumo huo, nyaraka huwasilishwa bila kubeba bahasha. Faili la karatasi linaweza kufunuliwa na yeyote aliyekaribia meza. Mfumo humtaka mtu aingie kwa akaunti yake. Kwa hiyo mzazi asimpe mtu mwingine nywila yake, asiache akaunti wazi katika duka la intaneti, wala asiache nakala ya hati katika kompyuta ya mwenye duka. Aliye na shaka amuulize karani wa mahakama jinsi shauri la mtoto wake linavyotunzwa. Nayo Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 imeweka masharti maalumu kuhusu taarifa za watoto.

Lakini mlango wa mahakama ukifungwa, midomo na simu zetu hubaki wazi. Mtoto anapokamatwa sokoni Mpondwe, picha yake huweza kusambaa katika makundi ya simu kabla hajafika kituoni. Maji yakimwagika hayazoleki: hakuna hakimu awezaye kuirudisha picha iliyokwisha kuvuka mto Lhubiriha hadi Kasindi. Tunawaomba msipige picha hizo, na mkizipokea msizisambaze.

Tunawasihi pia viongozi wa vijiji. Mahakama ya kijiji ina mamlaka juu ya baadhi ya makosa ya watoto, kama vile wizi, kupigana hadharani na kuharibu mali. Inaweza kuamuru suluhu, fidia, kuomba radhi au onyo. Daftari la shauri hilo lifungiwe. Kijana anapokuja miaka mitano baadaye kuomba barua ya utambulisho, mwenyekiti asimwandikie kosa la utotoni. Kufanya hivyo ni kumfungulia upya faili ambalo sheria ilikusudia lifichwe.

Sisi polisi nasi tuna wajibu. Tunaweza kumwonya mtoto na kumwachilia bila kumpeleka mahakamani. Tukimkamata, mzazi wake lazima ajulishwe. Asikae mahabusu yetu zaidi ya saa 24 kabla ya kufikishwa mahakamani, wala asichanganywe na watu wazima. Ulinzi huu ni wa kila mtoto aliye katika ardhi ya Uganda, hata kama wazazi wake wako upande wa Kongo.

Akitokea mtu anayedai malipo ili afute jina la mtoto katika kompyuta ya mahakama, mripotini kituoni. Mwenye swali aende kwa Kitengo cha Ulinzi wa Mtoto na Familia katika kituo cha polisi, au kwa afisa wa probesheni wa wilaya. Simu ya Sauti, nambari 116, hupigwa bila malipo kwa jambo lolote linalohusu usalama wa mtoto.