Bukavu: Vazi la arusi kwa mfuko mdogo, hesabu zinazopaswa kufanywa kabla ya siku kuu

Kiangazi kinapoanza, mwezi wa 6 hadi wa 8, Bukavu inaingia katika majira ya arusi. Matope yamekauka kwenye miteremko ya Kadutu na Bagira, na kila siku ya posho magari yenye maua yanapita yakipiga honi. Kwa kawaida miezi hiyo hiyo ndiyo wanafunzi wa mwaka wa 6 wa sekondari wanajikuta mbele ya Examen d'État, na mwezi wa 9 shule zinafunguliwa tena. Masomo ya msingi katika shule za serikali ni ya bure tangu mwaka 2019, lakini sekondari bado inalipwa. Kwa familia nyingi basi, nguo nyeupe ya binti mkubwa na minerval ya wadogo wake vinatoka katika mfuko mmoja.

Na mfuko huo umekonda. Mwezi wa 2 mwaka 2025, M23 ilipouteka mji, benki zilifunga milango na ndege za abiria zikaacha kutua Kavumu. Mtu aliyekuwa na akiba benki hakuweza kuigusa, na mfanyabiashara wa nguo akabaki na njia ya ziwa na ya mipaka. Arusi hata hivyo hazikusimama. Vijana wanaendelea kupendana, wazee wanaendelea kukaa kwa ajili ya mahari, na swali linarudi katika kila kikao: vazi la bibi arusi litatoka wapi, na kwa pesa gani?

Sherehe tatu, mavazi mangapi?

Kosa la hesabu linaanza mapema, pale familia inaposema «vazi la arusi» kama vile ni moja. Kwa kawaida sherehe ni tatu: ya mahari nyumbani, ya serikali kwenye komini, na ya kanisani. Baadaye kuna karamu ya jioni, ambapo mabibi arusi wengi wanapenda kubadilisha nguo tena. Ikiwa kila sherehe inadai vazi lake, viatu vyake na nywele zake, hakuna bajeti ndogo itakayotosha.

Sheria haidai lolote kati ya hayo. Code de la famille ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inajali ukubali wa wote wawili, umri, mahari, mashahidi na kuandikishwa kwa ndoa. Haisemi kitu juu ya rangi ya nguo. Hata kwa Wakatoliki, ndoa inasimama kwa ukubali wa wawili mbele ya padri na mashahidi wawili, si kwa urefu wa shela. Nguo nyeupe yenyewe ilienea duniani baada ya malkia Victoria wa Uingereza kuolewa akiwa amevaa nyeupe tarehe 10 mwezi wa 2 mwaka 1840. Kabla ya hapo, hata huko Ulaya, bibi arusi wengi walivaa tu nguo yao nzuri kuliko zote, ya rangi yoyote.

Kusema hivi si kumwambia binti aache ndoto yake. Ni kumsaidia kuchagua ni sherehe ipi anataka pesa iende. Akitaka nyeupe kanisani, kikwembe kizuri alichovaa siku ya mahari kinaweza kurudi jioni kwenye karamu, kikiwa na kilemba kingine. Mushanana unaweza kuazimwa kwa dada ao rafiki, kwani haushonwi kwa kipimo cha mwili kama gauni. Na kwenye komini, nguo safi ya kawaida ya misa inatosha kabisa.

Nani analipa?

Swali la pili linaogopesha zaidi kuliko bei. Katika familia nyingi za Kivu, upande wa kijana ndio unabeba vazi. Katika nyingine, wazazi wa binti wanaongeza, ao wasimamizi wa arusi wanaahidi kutoa. Ahadi hizi zinatolewa kwa furaha siku ya mahari, mbele ya ng'ombe na vinywaji, na hakuna anayeandika. Wiki mbili kabla ya arusi, kila upande unangoja mwingine.

Dawa yake ni kutaja kiasi mapema. Mjomba ao shangazi anayesema kwa niaba ya familia aulize wazi: vazi ni la nani, ni dola ngapi, na zitafika tarehe gani? Na kiasi hicho kihesabu vyote vinavyokaa mwilini mwa bibi arusi: gauni, shela, viatu, nguo za ndani, nywele. Familia inayotenga pesa ya gauni peke yake inajikuta ikikopa viatu siku ya mwisho.

Njia nne kwa dola 120

Tuchukue mfano wa familia iliyotenga dola 120 kwa yote. Bei tunazoweka hapa ni za kuonyesha hesabu tu. Kila mtu aweke zile za duka na soko la siku yake.

Njia ya kwanza ni kukodi. Tuseme kodi ni dola 70 na garanti dola 40. Siku ya kuchukua gauni, dola 110 zinatoka, na zinabaki 10 kwa viatu na nywele. Garanti itarudi, lakini baada ya arusi, na tu ikiwa gauni limerudi bila doa wala kipande kilichochanika. Kwa hiyo, anayekodi lazima awe na pesa nyingi mkononi kuliko gharama yenyewe.

Njia ya pili ni kushonesha. Mita 5 za satini kwa dola 6 ni 30. Mita 2 za lesi kwa dola 8 ni 16. Mita 4 za bitana kwa dola 3 ni 12. Zipu, uzi na vifungo 5. Fundi 35. Jumla ni dola 98, na zinabaki 22. Ni ghali kuliko kodi, lakini gauni ni lenu. Mdogo wake akilivaa miaka miwili baadaye, kila mmoja atakuwa amelipa dola 49.

Njia ya tatu ni kununua kwa aliyekwisha kuolewa, ao kutafuta katika nguo za balo. Gauni la dola 80 likiuzwa tena kwa 45, limegharimu 35 tu. Lakini mnunuzi wa kesho hana uhakika, na zile 80 zinahitajika leo. Asiyeweza kuishi bila kurudishiwa zile 45, njia hii si yake.

Njia ya nne ni kuazima. Wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na wengine wanaona haya kwa sababu hiyo. Lakini gauni la binamu linalovaliwa kwa saa chache haliaibishi mtu. Kulirekebisha kwa dola 10, kulifua kwa 8 na kumpelekea mwenye nguo zawadi ya 12, jumla ni 30. Zinabaki 90, na hizo zinaweza kwenda moja kwa moja kwenye minerval.

Kabla ya kutoa garanti

Magomvi mengi ya kodi yanatoka kwenye maneno yasiyoandikwa. Karatasi moja yenye sahihi mbili inatosha, na iseme mambo machache: gauni gani, kodi ni ngapi, garanti ni ngapi, tarehe na saa ya kurudisha, nani anafua, na ni uharibifu gani utakatwa kwenye garanti. Muulize mwenye duka ikiwa shela, duara la ndani la kuvimbisha gauni na glovu vimo katika bei, ao kila kimoja kinalipwa peke yake.

Andikeni pia ikiwa bei ni ya dola ao ya franga za Kongo. Kati ya siku ya makubaliano na siku ya kulipa, kiwango cha kubadilisha kinaweza kupanda ao kushuka, na tofauti hiyo itaangukia mmoja wenu. Na angalieni noti mnazorudishiwa: dola yenye mkato mdogo tu inakataliwa sokoni, na hapo garanti yenu imegeuka karatasi.

Kagueni gauni mchana, nje ya duka, si chini ya taa. Pigeni picha za kila doa na kila ushanga uliokwisha kuanguka, mbele ya mwenyewe. Bibi arusi alijaribu akiwa na viatu atakavyovaa, aketi, apige magoti, ainue mikono. Gauni linalopendeza akiwa amesimama linaweza kupasuka mbele ya altare. Linalofungwa kwa kamba mgongoni linasamehe zaidi kuliko la zipu, mwili ukiongezeka ao kupungua kabla ya siku yenyewe.

Anayeoa katika miezi ya mvua afikirie pia barabara. Mkia wa mita mbili ni mzuri ndani ya kanisa, lakini kati ya mlango na gari kuna matope, na matope ndiyo yanayokula garanti. Gauni linalogusa vidole vya miguu tu linapunguza hatari hiyo, na pia linahitaji kitambaa kidogo.

Kwa fundi, muda ni pesa

Anayeshonesha asipeleke kitambaa wiki moja kabla. Miezi miwili inampa fundi nafasi ya kukosea na kurekebisha. Mwende naye sokoni, Kadutu ao Nyawera, ao mwambie aandike mita kwanza, ili msinunue kitambaa cha ziada. Msimlipe yote mwanzoni: sehemu wakati wa kukata, sehemu baada ya kujaribu mara ya kwanza, na iliyobaki siku ya kuchukua.

Fundi mwenye ustadi wa vikwembe si lazima awe amezoea satini, ambayo inateleza chini ya sindano na kuonyesha kila kosa. Ombeni kuona gauni jeupe alilokwisha kushona. Picha kutoka kwenye simu haitoshi, kwani inaweza kuwa ya fundi mwingine wa mji mwingine.

Deni linalobaki nyumbani

Hatari kubwa haipo katika njia hizi nne. Ipo katika ya tano, ile ya kukopa kwa watu wa riba, wale ambao Wakongomani wengi wanawaita «Banque Lambert». Tuseme mtu anakopa dola 150 kwa riba ya 20 kwa 100 kila mwezi. Riba ni dola 30 kwa mwezi. Baada ya miezi mitatu anapaswa kurudisha 240. Mwezi wa 6 ukiwa wa arusi, mwezi wa 9 unamkuta akilipa gauni lililokwisha kurudi dukani, huku mdogo wa bibi arusi akirudishwa nyumbani kwa kukosa minerval. Wazee walikuwa na neno kwa hali hii: kukopa arusi, kulipa matanga.

Anayejua kwamba arusi inakuja ana njia nyingine. Katika likirimba ya watu 12 wanaotoa dola 10 kila mwezi, zamu moja ni dola 120, bila riba. Kinachotakiwa ni kuomba zamu mapema. Vikundi vya AVEC pia vinakopesha wanachama wao kwa masharti ambayo kikundi chenyewe kimeyaweka, na riba inabaki kwa wanachama.

Na bibi arusi mwenyewe aulizwe. Mara nyingi shangazi, wakwe na wasimamizi wanachagua, na yeye anaonyeshwa tu. Lakini ndiye atakayeishi katika nyumba itakayolipa deni hilo. Akielezwa hesabu yote, pamoja na minerval ya wadogo wake, huenda akachagua tofauti na walivyofikiri wote. Na akisisitiza nguo nyeupe, familia itajua angalau ni kitu gani kingine itaacha ili aipate.