Eneokazi Linapokataa Kufunguka
Katika kompyuta zinazotumia Linux na mifumo mingine ya ukoo wa Unix, eneokazi, yaani sura yenye picha, madirisha na kishale cha kipanya, si sehemu ya kiini cha mfumo bali ni programu zinazowashwa mwishoni, baada ya kiini kuamka na huduma nyingine kuanza. Ndiyo maana mashine yenye skrini nyeusi mara nyingi huwa nzima, na kukimbilia kufuta kila kitu ili kuweka mfumo upya ni kujitafutia hasara.

Tatizo linalosumbua wengi ni lile la mtumiaji kuandika nywila sahihi, skrini ikafifia kidogo, kisha akarudishwa palepale pa kuingilia. Hapo hubonyezwa Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja, vitufe ambavyo katika matoleo mengi ya Linux hufungua ukurasa wa maandishi matupu, na humo mtumiaji huingia kwa jina na nywila ileile. Amri «df -h» huonyesha nafasi iliyobaki katika diski, kwa kuwa diski iliyojaa pomoni huzuia eneokazi kuandika mafaili madogo linayoyahitaji ili lianze. Nafasi ikiwapo, huchunguzwa faili lililofichwa liitwalo .Xauthority, linalotunza ufunguo wa kuruhusiwa kutumia skrini chini ya X11, mfumo wa madirisha uliotolewa mwaka 1987. Ikiwa «ls -l .Xauthority» inaonyesha kwamba mwenye faili ni root, yaani msimamizi mkuu, jambo linaloweza kutokea pale programu ya madirisha inapoendeshwa kwa sudo, yaani kwa mamlaka ya msimamizi huyo, basi mtumiaji amefungiwa nje ya faili lake mwenyewe, na tiba ni «sudo chown» ikifuatwa na jina lake na jina la faili hilo.