Hakuna Wimbo Kabla ya Rekodi: Utangulizi wa Albamu za Kielektroniki za Majaribio

Mwaka 1978 Mwingereza Brian Eno alitoa santuri iitwayo Ambient 1: Music for Airports. Ina vipande vinne, na ukigeuza jalada kutafuta majina yake utakuta namba tu: 1/1, 2/1, 1/2 na 2/2. Namba ya kwanza ni ya kipande, ya pili ni ya upande wa santuri. Mtunzi hakusema kipande kinahusu nini, alisema kinakaa wapi. Ihamishie kazi hiyo kwenye simu, isiyo na upande wa kwanza wala wa pili, na majina yale yanabaki kama anwani ya nyumba iliyokwisha bomolewa.

Naanza na santuri hiyo kwa sababu inamfikisha mgeni haraka kwenye jambo ambalo wengi huchelewa kuliona. Tumezoea kwamba wimbo hutungwa, ukaimbwa, ukapendwa, ndipo ukarekodiwa. Mwimbaji wa taarab Siti binti Saad alipovuka bahari kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, Unguja ilikuwa imekwisha kumsikia. Santuri zilikwenda kuibeba sauti yake hadi pale ambapo miguu yake isingefika. Katika muziki wa kielektroniki wa majaribio mpangilio huo haupo. Hakuna wimbo unaongoja kubebwa. Kurekodi ndiko kutunga, na mara nyingi hata uamuzi wa kuitoa kazi kwa santuri, kaseti au faili ni sehemu ya utunzi. Anayeisoma fani hii bila kushika hilo atatafuta beti na kiitikio, atavikosa, kisha atasema ni kelele.

Tuangalie jinsi Eno alivyofanya katika 2/1. Waliimba waimbaji, noti moja moja ndefu. Kila noti iliwekwa kwenye mkanda wake uliounganishwa ncha kwa ncha ili ujirudie bila kikomo. Mikanda hiyo haikulingana urefu: mmoja ulimaliza mzunguko kwa sekunde 23 na nusu, mwingine kwa sekunde 25 na ushei, mwingine kwa karibu sekunde 30. Ilikuwa mirefu kupita mashine yenyewe, ikabidi izungushwe kwenye miguu ya viti vya studio. Kwa kuwa urefu haulingani, noti hazikutani mara mbili kwa namna ileile, labda baada ya muda ambao hakuna msikilizaji angeungoja. Eno hakuamua noti gani ifuate ipi. Aliamua urefu wa mikanda, akaiwasha, akasikiliza. Tunachokisikia kwenye santuri ni kipande kilichokatwa kutoka katika jambo ambalo lingeweza kuendelea usiku kucha. Hapo ndipo penye majaribio hasa: si ugeni wa sauti, bali mtunzi kukubali kwamba matokeo hayajui.

Vitabu vingi vya historia ya muziki huu huanzia Paris mwaka 1948, na si bila sababu. Pierre Schaeffer, mhandisi wa redio ya Ufaransa, alirekodi garimoshi kwenye stesheni ya Batignolles, akazikata na kuzipanga sauti hizo kuwa muziki uliotangazwa hewani Oktoba mwaka huo. Hakuwa na mkanda wa sumaku bado. Alikuwa na sahani. Mbinu yake maarufu ilikuwa kuufunga mchirizi wa sahani ujirudie wenyewe, sindano ikizunguka palepale na mlio uleule ukirudi hadi sikio lisahau kwamba ni gari na lianze kusikia mdundo.

Ila miaka minne kabla yake, Cairo, kijana aliyesomea kilimo, Halim El-Dabh, aliazima kutoka kituo cha redio mashine ya kurekodi kwa waya, kifaa kizito kilichohifadhi sauti kwenye uzi mwembamba wa chuma. Akaenda nayo kwenye zar, ngoma ya kutuliza pepo inayoendeshwa na wanawake. Msomaji wa pwani anayejua kupunga pepo hahitaji maelezo marefu hapa: uimbaji, mdundo, mtu aliyepandwa. El-Dabh aliirudisha rekodi studio. Akaziondoa noti za msingi za sauti za wale wanawake na kuacha mitetemo ya juu inayoelea juu yake, akaipitisha kwenye chumba cha mwangwi, akairekodi upya. Kilichobaki si ngoma tena wala si wimbo. Ni kama kwamba waimbaji wameondoka na hewa waliyoitikisa imebaki. Kazi hiyo, Ta'abir al-Zaar, ilisikilizwa na watu Cairo mwaka 1944. Sehemu yake ya dakika chache ilitolewa kwa CD mwaka 2000, miaka 56 baadaye.

Pengo hilo la miaka 56 linaeleza, kwa maoni yangu, kwa nini Paris ndiyo inayotajwa kwanza. Schaeffer alikuwa na redio ya taifa, alikuwa na wanafunzi, aliandika. El-Dabh alikuwa na mashine ya kuazima. Katika fani ambamo kazi ni rekodi yenyewe, rekodi isiyotolewa inakuwa kama haikutungwa. Ndiyo maana historia ya muziki huu haiwezi kuandikwa bila kuuliza nani alikuwa na lebo, nani alikuwa na kiwanda cha santuri na nani alibaki na waya kabatini.

Kuna albamu moja ambayo huwa naipa nafasi kubwa kuliko nyingine, kwa sababu ndani yake kurekodi na kutunga haviwezi kutenganishwa hata kwa wembe. Mwaka 1982 Mmarekani William Basinski alinasa vipande vifupi vya muziki kutoka redioni, akatengeneza mizunguko ya mikanda, akaiweka. Mwaka 2001, akiwa Brooklyn, aliitoa ili aihamishie kwenye kompyuta isije ikaharibika. Ilikuwa imekwisha anza kuharibika. Sauti katika mkanda huhifadhiwa na unga wa oksidi ya chuma uliogandishwa juu ya plastiki; gundi ikizeeka, unga hubanduka. Kila mzunguko ulipopita kwenye kichwa cha mashine, unga kidogo ulidondoka, na pamoja nao sehemu ya muziki. Basinski hakuizima mashine. Aliacha mzunguko wa sekunde chache ujirudie kwa zaidi ya saa moja, ukitoboka polepole, mpaka plastiki ikabaki tupu. Jitihada ya kuokoa ikawa ndiyo iliyoua, na kule kufa kukarekodiwa.

Kazi hiyo ilikuwa imemalizika alipoona kutoka juu ya paa lake moshi wa Septemba 11. Aliirekodi kwa video saa ya mwisho ya mwanga wa siku ile, na picha zilizotolewa katika video hiyo zikawa majalada ya juzuu nne za The Disintegration Loops, zilizotoka mwaka 2002 na 2003. Wapo wanaosema jalada lile liliibebesha albamu maana isiyokuwa yake. Sikubaliani nao. Muziki usio na maneno hupata maana kwa jinsi unavyofikishwa, na Basinski alichagua kuufikisha hivyo, kwa kuwakumbuka waliokufa. Jalada nalo ni utunzi.

Na huku kwetu? Dar es Salaam ilikuwa na wapiga mchiriku waliochukua vinanda vidogo vya Casio, vilivyotengenezwa kwa watoto na wanaojifunza, wakavipitisha kwenye spika za tarumbeta hadi sauti ikapasuka, na kupasuka huko kukawa ladha yenyewe. Baadaye ikaja singeli katika mitaa kama Manzese, Tandale na Mburahati: vipande vya taarab vikakatwa, vikazungushwa, vikakimbizwa mpaka midundo 200 kwa dakika na zaidi, juu yake MC akighani. Yote hayo yalifanyika kwa kompyuta ya kawaida na programu ambayo mara nyingi haikununuliwa. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyo Sounds of Sisso, kutoka studio ya Sisso ya Mburahati, kisha mwaka 2018 ikatoa Poaa ya Bamba Pana. Wasikilizaji wa Ulaya walizipokea kama muziki wa majaribio.

Je, ni wa majaribio? Mtaani ulikuwa muziki wa kigodoro, wa kucheza hadi alfajiri, na ulisambaa kwa simu na memori kadi bila mtu kuuliza albamu itatoka lini. Lebo ilipochagua vipande, ikavipanga, ikavipa jalada na mwanzo na mwisho, ilifanya kitu ambacho prodyuza hakuwa amekihitaji. Sisemi ni kosa. Nasema mwanafunzi wa fani hii ajifunze kuona mikono yote miwili, wa aliyetengeneza na wa aliyetoa, na asidhani wa pili haukugusa kitu.

Mkono huo wa pili una sheria zake, tena za kimwili kabisa. Santuri inayozunguka mara 33 na theluthi kwa dakika hubeba kama dakika 20 kwa upande bila taabu. Besi ikizidi, mchirizi hupanuka na dakika hupungua. Besi nzito ikiegemea spika moja tu, sindano inaweza kuruka. Kadiri mchirizi unavyokaribia katikati ya sahani, sauti nyembamba hupoteza ukali, kwa hiyo aghalabu kipande cha makelele huwekwa mwanzo wa upande na kile kitulivu mwisho. CD iliondoa mipaka hiyo ikaweka mmoja tu, dakika 74, baadaye 80. Faili haina mpaka, na labda ndiyo maana albamu nyingi za siku hizi ni ndefu kuliko zinavyostahili. Kuhusu fedha nitasema machache: mtandao wa Bandcamp, ulioanza 2008, humkata msanii asilimia 15 ya mauzo ya faili, na kwa wengi katika fani hii ndiko wanakopata chochote.

Kazi ya karibuni inayokusanya mambo haya ni ya KMRU, Joseph Kamaru wa Nairobi, mjukuu wa yule Joseph Kamaru wa benga ya Kikuyu. Albamu yake Peel ya mwaka 2020, iliyotolewa na lebo ya Editions Mego, imejengwa kwa sauti alizorekodi mwenyewe mahali mbalimbali na kuzirefusha hadi chanzo chake kisitambulike. Katika Temporary Stored ya mwaka 2022 alikwenda mbali zaidi: malighafi yake ni rekodi zilizohifadhiwa katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, yaliyojaa vitu vilivyochukuliwa Kongo. Ikiwa kurekodi ndiko kutunga, basi wale waliorekodiwa zamani na kuandikwa kwenye kadi ya maktaba bila kuulizwa wana dai gani? El-Dabh na wanawake wa zar wanarudi hapa, na swali lao ni lilelile.

Anayetaka kuanza kusikiliza aanze na kipande cha El-Dabh, kwa kuwa ni kifupi, kisha 2/1 ya Eno, kisha Poaa kwa sauti ya juu. Peel na Basinski wasubiri siku yenye saa nzima ya nafasi. Asitumie spika ya simu: sehemu kubwa ya Peel iko kwenye besi ambayo spika ndogo haiwezi kuitoa, na msikilizaji atadhani amekwisha kuisikia albamu kumbe amesikia ganda lake tu.