Nani alitufanya kuwa wafanyabiashara?

Kila mara tunapokaa na wanamemba wa koperative za kahawa kandokando ya ziwa Kivu, kuna swali linalorudi: mkulima anakuwa mfanyabiashara namna gani? Wengi wetu hatukusoma biashara. Hatukuamka asubuhi tukasema leo tufungue kampuni. Tulisukumwa.

Tukumbuke kidogo. Mwaka 1973 serikali ilinyang'anya wageni mashamba makubwa na kuyagawia wenyeji, na mengi yalikosa uangalizi. Mwaka 1989 mapatano ya dunia yaliyolinda bei ya kahawa yalivunjika, bei ikaanguka. Barabara ziliharibika. Kisha vita vya 1996 na 1998 vilikimbiza watu, mashamba yakaota majani. Mnunuzi aliyezoea kuja na lori hakuonekana tena. Ikabaki ile artikle ya 15 ambayo kila Mukongomani anaijua kwa mdomo: mujitafutie!

Kwa watu wa Kalehe na Idjwi, kujitafutia kulikuwa kuvuka ziwa usiku. Mtu alipakia magunia mu mtumbwi, akapiga kasia paka Rwanda, kule kahawa ilikuwa na mnunuzi. Mtumbwi ulijazwa kupita kiasi, upepo ukatoka, watu wakazama. Wako wamama wengi ambao mabwana zao hawakurudi. Walibaki na watoto na shamba, na kesho yake wao pia ikawabidi kujua bei ya soko.

Tuseme ukweli: shida inamlazimisha mtu kuuza, lakini haimfundishi kuuza. Anayeuza kwa njaa anapokea bei yoyote, juu mtoto anangojea franga za shule, na mnunuzi anajua hivyo. Yule wa mtumbwi alikuwa hodari sana, lakini alibeba hatari yote peke yake, na mwingine njo alipanga bei.

Kilichogeuza mambo ni kukusanyika. Kule Minova, koperative SOPACDI ilianza mwaka 2003. Ku kituo cha kuoshea, matunda mekundu yanafika siku ile ile yalipochumwa. Yanatolewa ganda, yanachachushwa, yanaoshwa, kisha mbegu zinaanikwa juu ya meza paka zikauke vizuri. Kahawa ya namna hiyo inatafutwa hata ng'ambo. Sasa mnunuzi njo anafunga safari kumfuata mkulima.

Lakini kituo bila hesabu ni nyumba tu. Mushike hii: kilo 6 hivi za matunda mekundu zinatoa karibu kilo 1 ya kahawa ya kijani, ile inayopandishwa meli. Basi muchukue bei ya kilo moja ya matunda, muzidishe mara 6, muongeze mshahara wa wafanyakazi, magunia, usafiri na kodi. Hapo njo mutajua bei ambayo chini yake munakula mtaji wenu. Koperative isiyojua namba hiyo iko bado mu mtumbwi, hata kama ina ofisi ya matofali.

Mu mkutano wenu unaokuja, muulizane mambo matatu. Nani anashika mizani, na mkulima anaiona wakati wa kupima? Bei ya leo imeandikwa mafasi ambayo kila mtu anaweza kuisoma? Na wamama wanaolima wameandikwa kama wanamemba kwa jina lao wenyewe, ao kwa jina la bwana tu? Mjane asiyekuwa mu kitabu hana sauti siku ya kugawa faida.

Bei ya dunia itapanda na kushuka, hatuna usukani wake. Vita hatukuviita. Waliotusukuma hawakutuuliza. Lakini kitabu cha hesabu na mizani viko mikononi mwetu, na hapo hatuna wa kumsingizia.