Sato wa kisiwani, mvinyo wa Dodoma: Hesabu ya njia panda ya Tinde

Mfanyakazi wa mgodi anayekwenda likizo Nansio, kisiwani Ukerewe, hukuta sato aliyevuliwa alfajiri akiwa mezani mchana, tena kwa bei isiyoumiza. Kinachopandisha hesabu ya chakula hicho ni chupa ya mvinyo wa Dodoma iliyowekwa kando ya sahani. Akisafiri kwenda Dodoma mwezi unaofuata, mambo hugeuka: mvinyo ni wa nyumbani, sato ndiye mgeni.

Kati ya meza hizo mbili iko Tinde. Barabara itokayo Dodoma kupitia Singida na Nzega hugawanyika hapo. Mkono mmoja huenda Shinyanga na Mwanza, mwingine Isaka, Kahama na hatimaye Rwanda na Burundi. Kutoka Mwanza ni kama kilometa 200, kutoka Dodoma ni kama 500. Samaki hushuka, mvinyo hupanda, na vyote hupita mbele ya macho ya mfanyabiashara wa Tinde. Swali kwa mwenye mtaji mdogo ni kipi akiguse, na akiguse vipi asije akabaki mikono mitupu.

Barafu nayo hulipiwa nauli

Sato aliyetolewa matumbo na kufunikwa barafu ya kutosha hukaa zaidi ya wiki akiwa bado anafaa kuliwa. Bila barafu, kwa joto la Shinyanga, hamalizi siku. Kanuni ya wazoefu ni kilo 1 ya barafu kwa kilo 1 ya samaki. Maana yake ni kwamba anayepakia kilo 100 za sato hulipia nauli ya kilo 200, na nusu yake ni maji yatakayomwagwa.

Wachuuzi wengi huona huo ni upotevu, wakapunguza barafu. Hesabu yao ni mbovu. Kilo 10 zikiharibika kati ya 100, zile 90 zinazobaki ndizo hubeba gharama yote, kwa hiyo kila kilo imepanda kwa takriban asilimia 11 kabla mchuuzi hajaweka faida yake. Na mlaji wa Tinde halazimiki kununua. Ataamua kula nyama ya ng'ombe, kitu ambacho Usukumani hakijawahi kuwa adimu.

Aidha, barafu haimfufui samaki aliyekwisha kulala juani mwaloni. Kabla ya kutoa fedha, mnunuzi atazame macho yawe maangavu, matamvua yawe mekundu, na nyama irudi mahali pake inapobonyezwa kwa kidole. Apime na urefu. Sato aliye chini ya sentimeta 25 na sangara aliye chini ya sentimeta 50 hawaruhusiwi kuvuliwa, na mzigo ukikutwa nao njiani hasara ni ya mwenye mzigo, si ya mvuvi aliyeuza na kurudi ziwani.

Sangara ana soko lake la pekee. Alipandikizwa katika Ziwa Viktoria kuanzia miaka ya 1950, na leo minofu yake huuzwa nje na mabondo yake hutafutwa sana China. Bei yake mwaloni kwa hiyo husikiliza wanunuzi walio mbali. Mwaka 1999, soko la Ulaya lilipofungwa kwa hofu ya samaki waliovuliwa kwa sumu, waliotegemea viwanda pekee walionja machungu. Mwenye mtaji mdogo asijiingize huko bila mnunuzi wa hakika.

Asiye na barafu anayo dagaa, na kayabo, yaani sangara wa chumvi, kutoka soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi hupumzika na bei hupanda. Anayenunua gizani na kuhifadhi magunia pakavu huuza mwezi ukiwa mpevu. Si biashara ya kujivunia mbele ya wageni, lakini kwa anayeanza ni salama kuliko sato.

Mvinyo hauozi, ila hupikwa

Zabibu zililetwa Dodoma na wamisionari wa Kikatoliki wa Bihawana katika miaka ya 1950, na huvunwa mara mbili kwa mwaka. Wakati wa mavuno wakulima hulia kwa kukosa wanunuzi, na wachuuzi hudhani chupa itashuka bei. Mara nyingi haishuki, kwa kuwa zabibu ni sehemu tu ya gharama. Kuna chupa, kizibo, lebo, kodi na nauli. Nafuu iko kwingine: mvinyo wenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za nchini hutozwa ushuru wa bidhaa mdogo kuliko ule wa kutoka nje.

Adui wake ni bati. Duka lisilo na dari hugeuka tanuri mchana, na mvinyo uliokaa humo miezi mitatu hupoteza ladha ingawa chupa inang'aa. Ilazwe kivulini, kizibo kikiwa kimelowa, na zinunuliwe katoni chache chache.

Wanywaji wapo. Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000 na Bulyanhulu mwaka 2001, na fedha zake hufika hotelini. Lakini Buzwagi ya Kahama imekwisha kufungwa. Wateja wa mgodi huondoka na mgodi. Visiwa havihami. Saanane, jirani kabisa na jiji la Mwanza, ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2013. Rubondo ni hifadhi tangu 1977, na safari ya kwenda huko kupitia Geita imerahisishwa na daraja la Kigongo-Busisi lililofunguliwa Juni 2025.

Kwa aliye Tinde, friza moja na leseni ya vileo, ambayo ni tofauti na leseni ya kawaida ya biashara, vinatosha kufanya jaribio. Aanze na kilo 20 za sato na katoni 1 ya mvinyo, aone kipi kinakwisha kwanza.