Miezi minne ya matibabu, kisha ujitegemee

Rais Jimmy Carter alipotia saini Sheria ya Wakimbizi ya Marekani mwezi Machi 1980, serikali ilipata ruhusa ya kumlipia mkimbizi mgeni matibabu kwa hadi miezi 36. Tangu hapo muda huo umekuwa ukinyofolewa. Mwaka 1991 ulishuka hadi miezi minane, enzi za Rais Joe Biden ukapanda hadi 12, na Mei 2025 ukakatwa, ikabaki minne. Katika miezi hiyo minne mgeni anatakiwa apate nyumba, aandikishe watoto shule, ajifunze lugha na aajiriwe, huku deni la nauli ya ndege iliyomleta likimsubiri.

Habari hii si ya mbali. Katika mwaka wa fedha wa 2024, Wakongo walikuwa wengi kuliko wakimbizi wa taifa jingine lolote waliopokelewa Marekani: karibu 20,000. Wapo waliokulia Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa wilayani Kasulu, Kigoma, mwaka 1996, na nyumbani kwao huzungumzwa Kiswahili. Kigoma nzima ina jirani, shemeji au mwanafunzi mwenzake aliyeko huko.

Ukiwauliza wanatibiwaje, jibu litategemea jimbo walilopangiwa. Bima kuu ya watu wenye kipato kidogo ni Medicaid, iliyoanzishwa mwaka 1965. Serikali kuu na majimbo huchangia gharama, na kila jimbo lina masharti yake. Ile huduma ya miezi minne ni ya mkimbizi ambaye Medicaid imemkataa. Chukua vijana wawili wasio na watoto walioshuka ndege moja. Mmoja akapelekwa Louisville, Kentucky, jimbo lililopanua Medicaid: kwa viwango vya 2025, mtu anayeishi peke yake na kupata chini ya dola 21,600 hivi kwa mwaka hupata bima hiyo. Mwenzake akapelekwa Nashville, Tennessee, mwendo wa saa tatu tu kwa gari. Huko hakuna upanuzi. Miezi minne ikiisha, asipopata kazi yenye bima hana kitu, na kipato chake kikiwa chini ya dola 15,650 hapati hata ruzuku ya kununua bima mwenyewe. Yaani anakosa msaada kwa sababu ni maskini kupita kiasi. Sijaona hoja inayoweza kutetea jambo hilo.

Na hata yule wa Louisville hana uhakika. Sheria iliyotiwa saini Julai 4, 2025 imewaondoa wakimbizi ambao hawajapata ukaazi wa kudumu kwenye SNAP, mpango wa chakula wa serikali kuu. Sheria hiyo hiyo imeamua kwamba kuanzia Oktoba 1, 2026 fedha za serikali kuu za Medicaid hazitawagharimia. Mlango uliobaki ni kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, ambayo mkimbizi huiomba akishatimiza mwaka mmoja nchini. Lakini Novemba 2025 serikali iliagiza wakimbizi walioingia enzi za Biden wachunguzwe upya, na maombi yao ya kadi yakasimamishwa. Kumtaka mtu alete karatasi ambayo wewe mwenyewe umekataa kumpa ni dhuluma, hata kama imeandikwa kisheria.

Wengine hupoteza bima wakiwa bado na haki nayo. Ulinzi uliowekwa wakati wa Uviko ulipokoma mwaka 2023, zaidi ya watu milioni 25 waliondolewa Medicaid, na wengi wao hawakuonekana kuwa na kipato kikubwa. Fomu haikurudi, anwani ilibadilika, barua haikujibiwa. Kwa familia isiyosoma Kiingereza, barua ya ofisi ya ustawi huishia juu ya kabati hadi siku mtoto anapougua na dirisha la hospitali kusema bima imefungwa.

Kwa hiyo, wewe mwenye ndugu huko, mpigie simu umweleze haya. Kila barua ya Medicaid ifunguliwe siku ile ile. Akihama, aarifu ofisi. Mkalimani wa bure ni haki yake ofisini na hospitalini, na mtoto wa shule asitumwe kutafsiri maradhi ya mama yake. Akiandikiwa kwamba bima inakatwa, aombe kusikilizwa kabla ya tarehe iliyotajwa, kwa sababu akiwahi, kwa kawaida bima huendelea hadi uamuzi utolewe. Asiogope uvumi kwamba kutumia misaada kutamnyima kadi ya kijani: sheria imewatoa wakimbizi katika kipimo hicho. Asiye na bima kabisa aende kliniki za jamii zinazotoza kulingana na kipato, na akizidiwa akimbilie chumba cha dharura, ambacho tangu 1986 sheria inakilazimisha kumpima na kumtuliza hata akiwa hana senti. Mjamzito na mwenye watoto chini ya miaka mitano aulizie WIC, mpango wa lishe usioweka sharti la aina ya ukaazi.

Oktoba 2026 ikimkuta hajui haya, atakuwa amechelewa. Mpigie leo.