Je, Wajua? Konea Hujengwa Upya Kutoka Ukingoni

Konea ni kiwambo angavu kilicho mbele ya jicho, chembamba kisichofikia unene wa milimita moja kwa binadamu wala kwa mbwa, na kwa kuwa hakina mishipa ya damu, huupitisha mwanga bila kizuizi. Tabaka lake la juu huchakaa kila siku na kujengwa upya na seli shina, yaani seli zinazojigawa kwa muda mrefu na kuzaa seli za kazi maalumu, ambazo makao yake ni ukingo unaoizunguka konea, pale inapokutana na sehemu nyeupe ya jicho.

Kwa sababu hiyo, mkwaruzo mdogo hupona kwa siku chache, lakini chokaa au tindikali ya betri ikiunguza ukingo wenyewe, seli shina hufa, na ngozi laini yenye mishipa ya damu hutambaa juu ya konea na kuziba uoni. Katika gereji za Gatsata, jijini Kigali, ambako betri hufunguliwa na chuma husagwa na kuchomelewa, hatari ya majeraha ya namna hiyo ni ya kweli.

Seli shina zikishakufa, kupandikiza konea ya marehemu peke yake hakutoshi, kwani tabaka la juu hubaki bila seli za kulijenga upya. Mwaka 1989, Kenneth Kenyon na Scheffer Tseng, waliokuwa Marekani, walieleza jinsi ya kuhamisha kipande cha ukingo kutoka jicho zima. Mwaka 1997, Graziella Pellegrini na wenzake nchini Italia walionyesha kwamba kipande kidogo chaweza kukuzwa maabara kabla ya kupandikizwa. Na mwaka 2015 Umoja wa Ulaya uliidhinisha tiba hiyo kwa jina la Holoclar.

Kwa mbwa, madaktari wa mifugo wamejaribu pia seli shina zitokanazo na mafuta ya mwili, hasa kwa macho yaliyokauka machozi, ambako hutuliza uvimbe badala ya kugeuka konea. Hata hivyo, vidonda vingi vya konea ya mbwa bado hutibiwa kwa dawa za matone na upasuaji wa kawaida.

Kwa fundi na kwa mbwa, jicho lililoingiwa na tindikali lioshwe papo hapo kwa maji mengi safi, kwa dakika zisizopungua 15, kisha daktari atafutwe bila kukawia.